Mkutano wa kanda Pemba: tarehe itafutwe mwezini

Nina miaka tisa katika ukatibu wa jumuiya yetu ya wakulima wa mwani, kanda ya Pemba, na mikutano mikuu ya kanda iliyopita mikononi mwangu ni minne. Ule wa kwanza ulivunjika. Naanza nao kwa sababu makatibu wenzangu wanaonipigia simu kutaka ushauri, wa vikundi vya nyuki, wa ushirika wa wavuvi, wa jumuiya za walimu wa madrasa, karibu wote huanza pale pale nilipoanzia mimi: wameshika kalenda, wanatafuta Jumamosi.

Sisi tuliipata Jumamosi yetu ya mwezi wa nane. Masika yalikuwa yamepita, njia kavu, na ukumbi pale Chake Chake, au Chake kama tunavyopaita, tuliupata. Tuliwaalika wajumbe 102, watatu kutoka kila tawi, matawi 34. Kufika saa 4 asubuhi waliokuwemo ukumbini walikuwa 38, na akidi yetu kwa katiba ni nusu. Nikampigia mwenyekiti wa tawi moja upande wa Kiuyu. Alipopokea nikasikia upepo, na nyuma yake wanawake wakiitana. "Bi Katibu," akaniambia, "leo bamvu. Sisi tumo majini tangu asubuhi. Mwezi hukuutazama?" Sikuutazama. Wale 38 walisikiliza ripoti, wakala, wakarudi makwao bila kuchagua viongozi. Miongoni mwao walikuwemo kina mama waliokwisha tumia siku nzima na nauli, na hilo liliniuma kuliko pilau iliyobaki.

Kwa hiyo kabla ya ukumbi, kabla ya bajeti, kabla ya mgeni rasmi, jiulize wanachama wako wanaishi kwa saa ipi.

Mkulima wa mwani anaishi kwa maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvu: maji yanatoka mbali, na hizo siku tano au sita ndizo anazoingia shambani kupiga mambo, yaani vigingi vya kamba, kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Na huku kwetu siku za bamvu maji huwa yametoka kabisa kama saa 4 au saa 5 asubuhi, saa ile ile ambayo mikutano yote duniani hupenda kuanza. Ukimwita Chake siku hiyo umemchukulia siku moja katika tano za kazi yake. Yanapokuja maji mafu, bahari haitoki vya kutosha na watu wako majumbani. Basi tafuta siku ya 7 hadi ya 9 ya mwezi mwandamo, au ya 22 hadi ya 24. Kwa kuwa mwezi huandama kwa 29 au 30 na hujui mpaka uonekane, usiiweke tarehe yako ukingoni kabisa mwa hizo siku. Jiachie nafasi ya siku moja.

Wavuvi wa dagaa hesabu yao ni nyingine kabisa. Wao wanavua kwa taa, usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika ndipo wanapopumzika na kushona nyavu. Jumuiya ya Tumbe au Kojani ikiniuliza, nitawaambia wafanye mkutano mwezi ukiwa mpevu, siku ambazo mimi siwezi kumpata mtu hata mmoja. Sisi tunao pia wanawake wanaochemsha na kuanika dagaa, kwa hiyo tumeshikamana na siku ya 9. Mwani hauna kazi kubwa, na mwezi umeshakua kiasi cha kupunguza uvuvi.

Juu ya mwezi weka mambo mengine. Karafuu: mwaka zinapozaa sana, Pemba nzima iko juu ya miti na kwenye majamvi, na anayechuma kwa pishi hatakuja kukaa kwenye kiti chako. Uliza mapema, watu wa mashamba wanajua miezi kabla kama mikarafuu imeshika. Masika, Machi hadi Mei, njia za kushukia pwani nyingi hazipitiki vizuri. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu, kwa hiyo tarehe iliyofaa miaka mitatu iliyopita huenda sasa imeangukia kwenye funga. Shaabani kumbi zinachukuliwa na harusi. Mfungo sita kila kijiji kina maulidi yake. Na Ijumaa iache.

Ukishayatoa yote hayo zinabaki siku chache sana kwa mwaka. Kwetu huwa kama sita au saba. Chagua mbili, zipeleke kwa wenyeviti wa matawi, wao waamue.

Mpimie mwanachama wa mbali

Kila kitu nakipima kwa mtu mmoja: mjumbe wetu wa Kisiwa Panza. Anavuka kwa dau hadi Chokocho, anapanda gari hadi Mtambile, anangoja nyingine ya kwenda Chake. Jioni anarudia hayo hayo kinyume, na lazima awe amevuka kabla ya magharibi. Ratiba ikimfaa yeye, mjumbe wa Wawi, jirani na Chake, itamfaa bila shaka. Ndiyo sababu mkutano wetu tunaufanya Chake, katikati ya kisiwa, Mkoani na Wete kila mmoja kama kilomita 30, ingawa makao ya kanda yako Wete. Na ndiyo sababu unakwisha saa 9 kasoro robo alasiri, bila kuongeza dakika.

Nauli usiikadirie ofisini. Liandikie kila tawi, walete wenyewe: dau kiasi gani, gari kiasi gani, bodaboda kutoka pwani hadi barabarani kiasi gani, kwenda na kurudi. Mara ya kwanza tulitoa kiwango kimoja kwa wote. Bibi mmoja wa visiwani alinisimamisha mlangoni wakati wa kutoka, noti ameishika bado mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: "Mwanangu, hii ni ya gari. Ya kuvukia iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilitoa yangu nikampa, lakini alikwisha lazimika kuuliza, na mtu mzima kama yule hapaswi kusimama mlangoni kuomba nauli.

Sasa nauli ya kuja tunaituma siku mbili kabla kwa simu kwa katibu wa tawi, na ya kurudi mjumbe anapewa asubuhi anapojiandikisha, mkononi, akaunti imefungwa. Wapo wanaonionya kwamba ukimpa mtu pesa asubuhi ataondoka mchana. Katika mikutano mitatu wameondoka wawili, na mmoja alikuwa ameitwa nyumbani kwa ugonjwa. Kinyume chake, mjumbe ambaye hajajua kama atapata nauli ya kurudi hasikilizi ripoti yako. Kama kuna posho nje ya nauli, kiasi chake kiandikwe ndani ya barua ya mwaliko. Kama hakuna, hilo nalo liandikwe.

Kwenye bajeti, nauli na chakula vije juu kabisa. Vikishajaa ndipo utazame mabango, fulana na mikoba. Fulana tumeziacha tangu mkutano wa pili, na hakuna aliyeziulizia.

Barua, sheha, ukumbi

Soma katiba yenu kabla ya kuandika barua. Yetu inataka taarifa ya mkutano siku 21 kabla, agenda ikiwa ndani yake, na jambo ambalo halimo kwenye agenda halipigiwi kura. Mtu mmoja asiyeridhika na uchaguzi anaweza kuupeleka kwa mrajis, msajili wa jumuiya, kwa sababu ya barua iliyochelewa siku tatu. Wakati huo huo andika kwa Mkuu wa Wilaya ambamo ukumbi upo, nakala kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia hiyo, na kwa polisi. Masheha wa matawi nao wapelekee nakala. Sheha akishaijua shughuli, mjumbe wako haulizwi anakwenda wapi, na tangazo linafika hata kwa aliyebadilisha namba.

Kuhusu tangazo: kundi la WhatsApp linatosha kwa viongozi, halitoshi kwa wanachama. Wengi wetu tuna kitochi, simu ndogo isiyo na intaneti. Mimi hutuma barua ya karatasi, kisha ujumbe mfupi wa simu, kisha siku tatu kabla naomba litangazwe Radio Jamii Micheweni na baada ya sala ya Ijumaa kwenye misikiti ya pwani. Siku moja kabla, nampigia kila katibu wa tawi. Simu 34, zinachukua asubuhi nzima, na ndizo zinazonipa idadi ya kweli ya sahani.

Ukumbi: kuna Makonyo pale Wawi, upande wa Wete kuna Jamhuri, Mkoani kuna Umoja ni Nguvu, na skuli za sekondari wakati wa likizo. Mimi naangalia vyoo kwanza, maji ya kutawadhia, na pa kusalia wanawake na wanaume. Kisha chumba kidogo cha pembeni kwa wenye watoto wachanga, chenye jamvi na mtu mmoja mzima wa kuwaangalia, tunayemlipa. Mwaka tulipokiweka chumba hicho, wajumbe wenye watoto walikaa hadi mwisho na wawili kati yao waligombea nafasi. Kabla ya hapo walikuwa wakituma waume zao au wifi zao.

Umeme wetu tangu mwaka 2010 unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na hali ni bora sana kuliko enzi za jenereta za mafuta. Hata hivyo kodi jenereta ndogo kwa ajili ya kipaza sauti. Projekta si lazima.

Malipo ya ukumbi yawe na risiti yenye tarehe na saa. Katika mkutano wetu wa pili tulikubaliana kwa mdomo na msimamizi wa ukumbi mmoja, na tulipokwenda jioni ya kuamkia mkutano tukakuta wanawake wanafunga mapambo ya harusi. Usiku ule tulihamia skuli ya jirani kwa hisani ya mwalimu mkuu, vijana wakabeba viti 100 kwa gari ya ng'ombe, safari nne. Tangu hapo naenda ukumbini siku mbili kabla nikiwa na risiti, nafungua milango mwenyewe, nafungua mabomba.

Wageni wanaotoka Unguja waje siku moja kabla. Boti za Mkoani zinategemea bahari, na kusi likivuma kwa nguvu safari huchelewa au husimama. Usimpe mtu anayesafiri asubuhi hiyo hiyo kazi ya kufungua mkutano.

Chakula

Hili nalisimamia kwa karibu kwa sababu mjumbe aliyetoka kwake alfajiri amekuja na njaa. Asubuhi wakati wa kujiandikisha: chai ya maziwa, maandazi, vitumbua, na uji wa moto kwa wazee. Usingoje saa 4 kama ofisini. Mchana pilau. Hesabu ya mpishi wetu ni kilo moja ya mchele kwa watu wanane, na kwa watu 120 nyama kilo 18. Tunapakua kwa masinia, watu wanne au watano kwa sinia. Sinia huwakalisha pamoja watu wa Micheweni na watu wa Mwambe ambao hawajawahi kuonana. Mwaka mmoja kamba za bei nafuu zilipatikana hivyo: mama mmoja alimwambia mwenzake juu ya pilau kwamba wao wananunua pamoja, na wiki iliyofuata matawi matatu yalikuwa yameungana.

Mpishi apewe orodha na pesa ya kwenda sokoni siku moja kabla, na kuni ziwe zimeshafika. Halua ya Wete na kahawa tunaweka mwisho, wakati wa kuagana.

Agenda, na mgeni rasmi akae wapi

Ratiba ninayoitumia ni hii. Kujiandikisha kuanzia saa 2 asubuhi, kwenye meza nne, kila wilaya na meza yake: Wete, Micheweni, Chake Chake, Mkoani. Asiyejua kutia saini anaweka dole gumba, kwa hiyo nunua wino. Saa 3 dua na kusoma Qur-ani, mwenyekiti anahesabu akidi na kuitangaza, na idadi inaandikwa. Saa 3:20 ripoti ya fedha. Saa 4 vikundi. Saa 5:15 uchaguzi. Saa 6:30 sala na chakula. Saa 7:45 mgeni rasmi. Saa 9 kasoro robo watu wako njiani.

Mgeni rasmi nimemweka mwisho kwa makusudi. Mialiko mingi humweka mwanzo, kisha watu 100 wanakaa hadi saa 5 wakimngoja kwa heshima, na shughuli yenyewe inabanwa kati ya hotuba na pilau. Mwandikie kwamba anakuja kufunga mkutano. Atawakuta wajumbe wameshakubaliana, na risala atakayosomewa ina maazimio ya siku ile ile badala ya maombi ya jumla. Risala isizidi ukurasa mmoja. Wageni wote watatu tuliowaandikia hivyo walikubali bila tatizo.

Ripoti ya fedha ndiyo moyo wa siku. Tunaiandika jioni ya kabla kwenye bango kitita kwa kalamu nene, mapato upande mmoja, matumizi upande wa pili, tarakimu kubwa za kusomeka kutoka nyuma. Mweka hazina anasoma polepole, anagusa kila mstari kwa fimbo. Risiti ziko kwenye faili juu ya meza. Mwaka wa tatu mjumbe mmoja wa Shumba aliinuka, akaenda hadi kwenye bango, akaweka kidole juu ya mstari wa kamba. "Hapa mmenunua roli kumi," akasema. "Bei hii siyo ya dukani kwetu." Mweka hazina akafungua faili, akatoa risiti, wakaisoma wawili vichwa vimegusana. Bei ilikuwa sahihi lakini ilikuwa ya rejareja, kwa sababu zilinunuliwa kwa mafungu madogo. Azimio la kununua kwa jumla lilitoka hapo, na likapita kwa mikono yote. Ripoti ile ingesomwa kwa kasi kutoka kwenye karatasi, kidole kile kisingepata pa kuwekwa.

Katika vikundi wagawe watu wanane wanane, nje, chini ya miti kama ipo. Ukumbini kipaza sauti kinashikwa na watu wale wale, wengi wao wanaume, na huku wanachama wengi ni wanawake. Kwenye kundi la wanane mama wa Makangale atakwambia jinsi mwani wake unavyooza maji yanapopata moto, na hamtasikia hayo popote pengine. Kila kundi swali moja tu. Mwandishi awe kijana, mzungumzaji wa kutoa ripoti achaguliwe na kundi.

Kura ni ya siri. Wazee wetu wengi wanasoma vizuri herufi za Kiarabu lakini za Kizungu zinawapa shida, kwa hiyo kila mgombea anapewa alama: nazi, taa, kasia, kikapu. Alama inachorwa kwenye karatasi na kubandikwa kifuani kwa mgombea. Sanduku letu ni ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Inaonyeshwa tupu mbele ya wajumbe, inafungwa kwa gundi ya utepe, na wanaohesabu ni wajumbe wanne, mmoja kila wilaya, kwa sauti. Anayegombea asikae meza ya kuhesabia, hata kama ni katibu wa miaka tisa.

Baada ya watu kuondoka

Weka waandishi wawili wa kumbukumbu, mmoja akichoka mwenzake anaendelea. Wakati watu wanakula, wawili hao wanaandika maazimio kwenye ukurasa mmoja: jambo, nani atalifanya, kabla ya lini. Tunaupigisha chapa duka la jirani, nakala 40, na kila tawi linaondoka na yake. Kumbukumbu kamili zinafuata baada ya wiki mbili, pamoja na hesabu ya mkutano wenyewe hadi shilingi ya mwisho ya kuni.

Karatasi ya maazimio mjumbe haisomi usiku ule, kila mtu amechoka. Anaingoja bamvu, siku tano au sita mbele. Asubuhi hiyo wanachama wote wa tawi wako pwani kwa pamoja, kamba mabegani, wanangoja maji. Hapo ndipo anaposoma, azimio moja moja, wakiulizana, mpaka maji yatoke waingie shambani.